Kabla Hujashika Panya wa Maabara

Naandika haya kwa mwanafunzi wa uzamili aliye Kisumu, Maseno, Kakamega au Njoro, mwenye mti wa dawa kutoka kwao anaotaka kuujaribu kwa wanyama. Mimi nimemaliza kazi yangu. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyoambiwa, ikala akiba yangu yote, na mengi niliyohitaji kuyajua nilikutana nayo nikiwa nimeshaingia ndani. Watu hukutisha na kemia: kukausha majani kivulini, kuyasaga, kuyaloweka kwenye ethanoli, kuchuja. Hayo utayaweza. Kilicho kizito ni kwamba kuna kiumbe hai atakayeumwa kwa sababu ya swali lako, na kama swali lenyewe halikufikiriwa vizuri, ataumwa bure.

Mti wangu ni olusia, ule mchungu unaoota kwenye maboma ya Seme na Bondo. Wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Nyanya yangu huchemsha majani yake kila mtu akishikwa na homa pale nyumbani. Hata sokwe wanaujua. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale upande wa Tanzania, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mtanzania, Mohamedi Seifu Kalunde, walimwona sokwe jike mgonjwa akimenya vijiti vichanga vya mti huuhuu na kufyonza maji yake machungu, na kufikia siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Niliposoma habari hiyo niliona nimeshapata tasnifu. Nikaandika pendekezo: je, olusia inapunguza vimelea vya malaria kwa panya?

Kamati ya maadili ya wanyama ikalirudisha.

Mjumbe mmoja, daktari wa mifugo, alinieleza bila kuzunguka. Tangu mwaka 2003 kuna utafiti uliochapishwa unaoonyesha kwamba majani hayo hupunguza vimelea kwa panya, na baadaye wengine wakarudia. "Sasa dada, ukiua panya wengine kutuambia hilohilo, tutakuwa tumepata nini?" Nilitoka pale na hasira, nikapanda matatu ya Kondele nikiwa sisemi na mtu. Nilihisi nimezuiwa na watu wasiojua shida ya mwanafunzi anayelipa karo mwenyewe. Usiku ule nilikaa na simu nikipekua makala moja baada ya nyingine, na kila nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yule daktari alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo hapa ndipo ningekushauri uanzie. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa pendekezo, tafuta kila kitu kilichowahi kuandikwa kuhusu mti wako. PubMed, hazina ya mtandaoni ya muhtasari wa makala za kisayansi, ni ya bure. Mkutubi wa chuo anaweza kukuonyesha njia za kufikia makala ambazo zinauzwa. Tafuta kwa jina la kisayansi la sasa na la zamani, maana mimea hubadilishwa majina. Na peleka tawi lenye maua kwa mtaalamu wa mimea akuthibitishie, kisha alihifadhi. Kuna watu wamefanya kazi nzima kwa mti ambao baadaye ulionekana siwo.

Swali jipya sikulipata kwenye makala. Nilikwenda nyumbani wikendi moja, nikamkuta nyanya amewapa wajukuu wenye homa dawa za malaria za hospitali, zile AL (artemether na lumefantrine), na juu yake akawanywesha olusia. Nikamuuliza kwa nini zote mbili. Akanijibu, "Mjukuu wangu, vidonge vinatibu homa. Olusia inasafisha damu." Hafanyi hivyo peke yake, kijiji kizima hufanya. Kenya iliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, ikaingia kwenye SP (sulfadoxine na pyrimethamine), kisha mwaka 2004 ikaamua kuhamia AL na kuanza kuisambaza mwaka 2006. Katika mabadiliko yote hayo sufuria ya olusia haikutoka jikoni. Basi swali likawa hili: mtu akichanganya olusia na AL, je, mti unaisaidia dawa, unaiharibu, au haufanyi lolote? Hilo lilikuwa na maana kwa watu ninaowajua kwa majina.

Mara ya pili kamati ilinikalisha kitini kwa muda mrefu, na nataka uyajue maswali yao kwa sababu utaulizwa.

Waliuliza kwa nini nisitumie vimelea vilivyooteshwa maabarani. Tangu mwaka 1976, Trager na Jensen walipofanikiwa kuotesha vimelea vya malaria ya binadamu kwenye damu ndani ya chupa, mengi yanaweza kujibiwa bila mnyama. Kama swali lako ni iwapo dondoo la mti linaua kimelea, anza huko, na huenda usihitaji kwenda zaidi. Langu lilihusu vitu viwili vinavyopita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu, na chupa haina ini. Walikubali jibu hilo. Msimamizi wangu aliniambia baadaye kwamba kamati nyingi zingekubali hata jibu dhaifu kuliko hilo, na hilo ndilo lililonisikitisha.

Waliuliza kwa nini panya sita kwa kila kundi, kwa nini si watano, kwa nini si wanane. Usijibu kwamba tasnifu iliyotangulia ilitumia idadi hiyo. Keti na mtu wa takwimu mapema. Wengi hudhani huruma ni kutumia wanyama wachache iwezekanavyo, lakini ukitumia wachache mno jaribio halitaweza kuonyesha chochote, na wote watakuwa wamekufa bila faida. NC3Rs, kituo cha Uingereza kinachohimiza kupunguza matumizi ya wanyama kwenye utafiti, kina programu ya bure mtandaoni ya kukusaidia kupanga jaribio lako na kukokotoa idadi.

Waliuliza kuhusu sumu. Kwenye rafu za maktaba zetu utakuta tasnifu nyingi zenye jaribio la LD50, lile la kutafuta kipimo kinachoua nusu ya wanyama. Lilibuniwa na Trevan mwaka 1927, na OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima kemikali, iliufuta mwongozo wake wa LD50 ya kawaida mwaka 2002. Usiliige. Mwongozo wao namba 423 hutumia wanyama watatu kwa hatua moja, na mara nyingi unapata jibu bila kuvuka hatua chache. Kwa olusia, ambayo watu wameila na kuinywa vizazi na vizazi, ilitosha.

Kisha yule daktari wa mifugo akauliza, "Jumapili saa kumi na mbili jioni, nani atakuwa bandani?"

Sikuwa na jibu. Ratiba yangu ilikuwa na saa za kazi tu. Akanieleza kwamba mnyama mgonjwa hajui wikendi, na akataka niandike majina, nambari za simu na zamu. Akataka pia niandike dalili ambazo nikiziona nitasitisha mateso ya mnyama papo hapo hata kama jaribio halijaisha: kupungua uzito kwa asilimia 20, kujikunyata na manyoya kusimama, mwili kuwa baridi, kutojigeuza akiwekwa ubavu. Tasnifu nyingi huhesabu siku ambazo panya anaishi mpaka afe mwenyewe. Kamati ilikataa jambo hilo kabisa, nami nashukuru walikataa. Kila nilichohitaji kujua kilikuwa kwenye tone la damu la siku ya mwisho, na mnyama kumalizia siku zake kwa kufa kwa malaria kusingeniongezea jibu.

Msingi wa maswali haya ni kitabu cha Waingereza wawili, Russell na Burch, cha mwaka 1959, kinachotaka mtafiti atafute njia isiyohitaji mnyama, apunguze idadi, na apunguze maumivu. Hapa kwetu kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, yenye sehemu nzima juu ya majaribio, na kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambacho utakihitaji juu ya kibali cha kamati. Omba vyote mapema. Usinunue mnyama hata mmoja kabla karatasi hazijafika mkononi, hata kama mtu wa karibu anakuambia anza tu, zitakuja.

Sasa pesa. Panya mmoja mweupe niliuziwa kwa bei ya chini ya kuku wa kienyeji pale soko la Kibuye, kwa hiyo bajeti yangu ya kwanza ilionekana nyepesi. Kinachokula pesa ni vitu vingine: chakula chao maalumu, maranda ya kulalia ambayo lazima yatoke kwenye mbao zisizotiwa dawa ya mchwa, sindano za kunyweshea zenye ncha ya mviringo, rangi ya Giemsa ya kufanya vimelea vionekane kwenye damu, vioo vya darubini, dawa ya usingizi, posho ya mtu wa zamu, na usafiri wa usiku wa vitu ambavyo havipatikani Kisumu. Kibali kikichelewa, panya wanaendelea kula. Ufadhili niliokuwa nikiutegemea ulichelewa muhula mzima. Nilikopa kwenye chama cha mama yangu na bado namlipa. Panga bajeti yako, kisha tenga nyingine ya kusubiri.

Wanyama wenyewe walipofika, nilikuwa nimeagiza majike peke yao. Mwenye kuuza alifungasha bila kukagua vizuri, na kwenye makasha mawili walikuwemo madume. Hatukujua mpaka matumbo yalipoanza kuvimba. Panya hubeba mimba kama wiki tatu tu, na jike mwenye mimba huwezi kumtumia kwenye jaribio kama lile, maana mwili wake umebadilika. Ikabidi tuanze upya na wengine. Aliyeuza hakurudisha hata senti. Wale waliozaa walipewa mtafiti mwingine aliyekuwa na kibali cha kuwafuga, angalau hawakuuawa hivihivi. Basi wakifika, wageuze mmoja mmoja pale pale mlangoni ukiwa na daktari wa mifugo: kwa dume, umbali kati ya tundu la haja kubwa na sehemu ya uzazi ni mrefu karibu mara mbili ya ule wa jike. Ni kazi ya asubuhi moja.

Wape wiki nzima wazoee banda kabla hujawafanya lolote. Kisumu kuna joto, na panya anapenda nyuzi 20 hadi 24. Ulizia feni na jenereta kabla hujaulizia kitu kingine. Stima ikipotea mchana wa Februari, banda lenye bati hugeuka tanuri.

Banda letu lilikuwa na mzee aliyewatunza wanyama kwa miaka mingi kuliko umri wangu wa shule. Ndiye mwalimu wangu halisi. Siku ya kwanza aliniona nikinyanyua panya kwa mkia kama video zinavyoonyesha, akanishika kiwiko taratibu. "Hapana, nyathina, mwanangu. Ukimvuta hivyo leo, kesho atakuogopa kabla hujafungua kasha." Akanionyesha kipande cha bomba la plastiki, lile la mafundi wa maji, urefu wa kiganja. Unaliweka ndani ya kasha, panya anaingia mwenyewe kwa udadisi, unamnyanyua akiwa ndani. Baadaye niligundua kwamba jambo hilo limepimwa: mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya wanaonyanyuliwa kwa mkia huwa na wasiwasi zaidi kuliko wanaonyanyuliwa kwa bomba au kwa viganja viwili. Mzee hakuwa amesoma makala hiyo. Alikuwa ametazama panya.

Bomba refu moja kutoka duka la vifaa vya ujenzi, likakatwa na kulainishwa kingo, lilitosha makasha yote. Hakuna matumizi mengine ya pesa niliyoyafurahia hivyo. Panya mwenye hofu huachia homoni zinazobadilisha damu yake, kwa hiyo hata asiyejali mnyama, kama anajali matokeo yake, anunue bomba.

Kunywesha dawa kulinichukua mazoezi mengi, na kwanza nilifanya kwa panya ambao walikuwa wameshakufa kwa sababu nyingine. Omba hivyo, usijifunzie kwa aliye hai. Unakusanya ngozi ya shingo kwa kidole gumba na cha shahada mpaka kichwa kitulie, mwili unalala kwenye kiganja, mkia unaubana kwa kidole kidogo. Sindano inapita pembeni mwa mdomo, inafuata kaakaa, na ikiwa iko njia sawa hushuka yenyewe bila kusukumwa. Ukihisi kizuizi, toa, anza tena. Ukisukuma, dawa inaingia mapafuni. Kwa panya wa gramu 20, ni mililita 0.2 tu. Mapigo ya moyo wake utayasikia kwenye ngozi ya kiganja chako, ya haraka hata huwezi kuyahesabu.

Vimelea tulivyotumia ni Plasmodium berghei, ambavyo havimwambukizi binadamu. Vina asili ya kwetu Afrika: mwaka 1948 Vincke na Lips walivipata Katanga, Kongo, kwa panya wa porini wanaoishi mitini. Jaribio lenyewe huitwa la siku nne la Peters. Siku unayoiita sifuri unamdunga kila panya vimelea milioni 10 tumboni, saa chache baadaye unaanza dawa, unarudia kila siku kwa siku tatu zinazofuata, na siku ya nne unachukua tone la damu kwenye ncha ya mkia, unalipaka kwenye kioo na kuhesabu chini ya darubini.

Lile swali la Jumapili lilinibadilishia ratiba yote. Nilianza Jumatatu ili siku ya mwisho iwe Ijumaa, daktari wa mifugo akiwepo. Lakini vimelea hivyo lazima vitoke kwa panya mwingine aliyeambukizwa siku kadhaa kabla, yule tunayemwita mtoaji, na huyo ndiye anayezidiwa wikendi. Watu husahau kumweka kwenye hesabu. Omba kibali cha zaidi ya mmoja. Jumapili ile nilimkuta mtoaji mmoja kwenye kona ya kasha, mgongo umepinda, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Nilimwekea bomba, hakuingia. Nilimgusa, alikuwa baridi. Nilimpigia daktari, akaja na kandambili zake za nyumbani, akamtazama, akasema, "Huyu tumwache apumzike." Tulimpa dawa ya usingizi, akalala, tukamaliza. Wa pili alikuwa bado na nguvu, na Jumatatu kazi ikaanza kwa damu yake. Bila karatasi yenye dalili na jina la mtu wa zamu, yule wa kwanza angelala usiku kucha katika hali ile.

Mambo mawili ya mpangilio ambayo hutayapata kirahisi. La kwanza, AL haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo inahitaji kimiminika cha kuibebea, na kimiminika hichohicho lazima wanyweshwe makundi yote, hata wasiopewa dawa. La pili, ukimpa panya kipimo kamili cha AL, vimelea vinaisha, na hutaweza kuona kama mti umeongeza au umepunguza nguvu. Tulitumia kipimo cha chini kinachoacha vimelea kiasi.

Kundi lililoniumiza ni lile lisilopewa dawa yoyote. Unawanywesha kimiminika kitupu, unawatazama wakipungua. Hakuna namna ya kulikwepa kundi hilo, maana bila lenyewe huna cha kulinganisha, lakini kuna namna ya kulipunguza. Mwenzangu mmoja alikuwa na mizizi kutoka Kakamega, na alihitaji kundi lilelile. Tulifanya majaribio yetu wiki moja, chumba kimoja, kwa kundi moja lisilotibiwa na kundi moja la AL. Panya 12 hawakuagizwa kabisa. Kamati ilikubali kwa barua ya ukurasa mmoja.

Ijumaa ile nililia. Niliwahi kufikiri watu wa maabara hupoa moyo baada ya muda. Mzee amefanya kazi hiyo maisha yake yote na bado huzima redio siku ya kumaliza. Wanalazwa kwa dawa ya usingizi, na wakishazama kabisa ndipo unahakikisha kifo kwa mikono. Jifunze kwa mtu anayejua, na kama huwezi, sema mapema, mwingine afanye. Kusitasita katikati ndiko kunakomtesa mnyama. Maiti huenda kwenye tanuri la taka za hospitali, kamwe si shimoni.

Matokeo: kundi la olusia peke yake lilikuwa na vimelea pungufu kuliko wasiotibiwa. Kundi la mchanganyiko na kundi la AL peke yake yalikaribiana kiasi kwamba sikuweza kusema mti uliongeza wala ulipunguza. Hiyo ni kwa panya wachache, kwa kimelea cha panya. Nilimweleza nyanya hivyohivyo, na nikamsisitizia kwamba mtoto amalize dozi zote sita za AL kwa siku tatu hata homa ikishuka siku ya kwanza. Kuhusu olusia alisema ataendelea. Sikuwa na ushahidi wa kumkataza.

Nyumbani kulikuwa na ubishi mwingi. Kaka yangu anashikilia kwamba panya si mtu, na ana hoja. Thalidomide, dawa waliyomeza wajawazito, iliwaacha zaidi ya watoto 10,000 na ulemavu kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Haikuwa imechunguzwa inavyotakiwa kwa wanyama wenye mimba, na ilipochunguzwa baadaye, sungura walizaa watoto wenye kasoro huku panya wakionekana salama. P. berghei ya maabara bado inatibika kwa klorokwini ambayo kwa watu wetu ilishashindwa. Mama yangu naye anakumbusha kwamba mwaka 1937 kule Marekani dawa ya maji ya sulfanilamide iliuzwa bila kujaribiwa kwa mnyama yeyote, ikaua zaidi ya watu 100, wakiwemo watoto wengi. Tu Youyou wa China aliona dondoo lake la mmea wa Artemisia annua likimaliza vimelea kwa panya mwaka 1971, na artemisinin iliyopatikana humo ndiyo iliyozaa AL tunayomeza leo. Bila wale panya, watoto wangapi wa Homa Bay na Siaya tusingekuwa nao?

Mimi nimetoka nikiamini kwamba kuna maswali machache yanayostahili mnyama, na kwamba mengi yanayopelekwa bandani kwetu si miongoni mwake. Yanapelekwa kwa sababu tasnifu inahitaji sura ya nne, ile ya matokeo. Marekani yenyewe, mwishoni mwa 2022, iliondoa kwenye sheria sharti la kwamba kila dawa mpya lazima ipite kwa wanyama kabla ya watu. Hapa kwetu tunaweza kuanza na jambo dogo zaidi: vyuo vidai kwanza jaribio la chupani, na kama mti haukuonyesha kitu huko, usifike bandani.

Ukimaliza, andika kila kitu, pamoja na wanyama uliowapoteza na sababu. Mwongozo wa ARRIVE, uliotolewa 2010 na kuhuishwa 2020, una orodha ya yanayopaswa kuripotiwa. Uchapishe uubandike ukutani siku ya kwanza, maana mengine huwezi kuyakumbuka baadaye. Matokeo yangu hayana mvuto, na jarida la kwanza liliyakataa kwa sababu hiyo. Nimeyapeleka kwingine na nitaendelea kuyapeleka, kwa kuwa yakikaa kwenye droo kuna mwanafunzi atakayewaza olusia na AL kama nilivyowaza, na ataagiza panya.

Na kama uko Kisumu na unapanga kuanza muhula ujao, mtafute anayetunza banda kabla hujamtafuta mwenye kuuza. Muulize kama kuna mwenzako anayetumia kimelea hichohicho mwaka huu. Akiwepo, kaeni pamoja na karatasi zenu kabla yeyote kati yenu hajalipa.